Baridi Hujenga Barabara, Upepo Huifunga

Asubuhi ya siku ya tatu ya safari yetu tuliamka Eagle Plains, kilomita 369 kutoka mwanzo wa barabara kuu ya Dempster katika eneo la Yukon, kaskazini mwa Kanada, tukaambiwa kwamba lango la barabara limefungwa. Nilichungulia dirishani, nikaona anga nyeupe iliyotulia na miti midogo isiyotikisika. Kipimajoto kilichotundikwa nje ya mlango kilionyesha nyuzi 19 chini ya sifuri, ilhali jana yake tulikuwa tumeondoka Dawson City katika nyuzi 38 chini ya sifuri bila mtu yeyote kutuzuia. Nilimwendea mwongozaji wetu nikiwa na hakika kwamba pana makosa mahali fulani, nikamuuliza kwa nini barabara ifungwe siku ambayo baridi imepungua nusu nzima. Alikuwa anakoroga kahawa. Akanijibu, bila kuinua macho, kwamba tangu aanze kuendesha malori ya mafuta katika njia hiyo hajawahi kuona ikifungwa kwa sababu ya baridi. Kinachoifunga ni upepo, na upepo ulikuwa milimani mbele yetu, mahali ambapo sisi tusingeweza kuuona tukiwa tumeketi mezani.

Tulikaa pale siku mbili. Nakiri kwamba siku ya kwanza niliihesabu kuwa hasara, kwa kuwa nilikuwa nimelipia siku tisa za kuzunguka Aktiki, nchi za ncha ya kaskazini ya dunia, na sikuwa nimelipia kukaa hotelini nikitazama ukuta. Ya pili ndiyo iliyonifundisha kwamba mtu anayesafiri huko wakati wa majira ya baridi halipii gari wala kitanda. Analipia uamuzi wa mtu anayejua siku ya kutokwenda.

Safari yenyewe ilianzia Whitehorse mapema mwezi wa Machi. Tulikuwa abiria watano na mwongozaji mmoja, ndani ya gari kubwa lenye tairi za misumari, na nyuma yetu zilipangwa tairi mbili za akiba, madumu ya mafuta, koleo, kamba ya kuvutia gari, mishumaa, mifuko mizito ya kulalia na simu ya setilaiti. Mshumaa mmoja unaowaka ndani ya gari lililofungwa unaweza kupunguza makali ya baridi kiasi cha kumwokoa mtu anayesubiri msaada, mradi aache upenyo mdogo wa dirisha ili apate hewa. Kutoka njia panda inapoanzia Dempster, iliyo kilomita 40 hivi mashariki mwa Dawson, hadi Eagle Plains hakuna kituo cha mafuta, hakuna kijiji, na simu ya mkononi ni kioo cheusi tu mfukoni.

Kuhusu mavazi nitasema machache, kwa kuwa jambo hilo limeandikwa na kila mtu. Pamba ni adui, kwa sababu hunywa jasho na kulihifadhi hadi likageuka barafu juu ya ngozi; sufu hubaki na joto hata ikilowa. Mahali nilipokodi vifaa walinipa buti zilizonitosha sawasawa, na hilo ndilo lililokuwa kosa: buti ya baridi inapaswa kupwaya, maana soksi mbili nene zikibanwa huzuia damu, na mguu usiopata damu hauna wa kuupasha moto. Vidole vyangu viwili vya mguu wa kushoto vilibaki na ganzi hadi nilipoazimwa buti kubwa zaidi na abiria mwenzangu aliyekuja na jozi mbili.

Asubuhi ya kuondoka Dawson ndiyo niliyoijua baridi kwa mara ya kwanza. Kila gari mbele ya hoteli lilikuwa na waya wenye plagi ukining'inia puani kama ulimi, umechomekwa ukutani, kwa kuwa injini isipopashwa moto usiku kucha oili huganda na asubuhi gari haliwaki. Nilivuta pumzi, nikahisi vinyweleo vya pua vikishikana na kuachiana, vikishikana na kuachiana. Baada ya dakika chache mwongozaji alinisogelea, akanitazama shavuni, akavua glavu na kuniwekea kiganja chake bila kuomba ruhusa. Pale palikuwa na doa jeupe, dogo kama kitufe cha shati, ambalo mimi mwenyewe nisingeweza kulihisi, kwa kuwa ngozi inayoanza kuganda haiumi. Alitufundisha kutazamana nyuso kila tunaposhuka garini, na tangu hapo tukawa watu sita wanaokaziana macho kama wanaodaiana.

Barabara ya Dempster ilianza kujengwa mwaka 1959, ujenzi ukasimama kwa miaka kadhaa, ikafunguliwa rasmi mwaka 1979. Haina lami. Ni tuta la changarawe lenye urefu wa kilomita 740 hivi hadi mji wa Inuvik, nalo limeinuliwa kutoka ardhini kwa kimo ambacho mahali pengine huzidi mita mbili. Nilidhani limeinuliwa ili theluji isilifunike, na nilipolisema hilo mwongozaji akatikisa kichwa. Chini ya barabara kuna udongo ambao haujayeyuka kwa maelfu ya miaka, uliochanganyika na barafu tele. Ukiukwangua majani na kuvumwani vinavyoufunika kama blanketi, jua la kiangazi huupata, barafu huyeyuka, na ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji inageuka uji. Kwa hiyo wahandisi hawakuchimba. Waliweka changarawe juu ya ardhi kama mtu anavyoweka mkeka, na unene wake ni wa kuzuia joto lisishuke. Barabara ile inadumu kwa sababu kilicho chini yake hakijapata moto.

Mtu akishalielewa hilo, majira yote hupinduka kichwani mwake. Majira ya baridi ndiyo yenye njia nyingi. Mito inapoganda, malori hupita juu yake. Mabwawa yanapoganda, pikipiki za theluji hukatiza popote. Taabu iko katikati ya majira, yaani masika ya huko, barafu inapovunjika, na mwanzo wa baridi, pale kivuko kinapokuwa kimeondolewa majini na barafu bado haijawa nene. Wiki hizo vijiji vilivyo ng'ambo ya mito hukatwa na barabara, na aliye na shida ya haraka hutegemea ndege.

Turudi Eagle Plains. Katika hoteli ile, kuta zimejaa picha za zamani, na kwa kuwa sikuwa na kazi nilizisoma moja baada ya nyingine. Ndipo nikafahamu Dempster alikuwa nani. Tarehe 21 Desemba 1910, Inspekta Francis Fitzgerald wa polisi wa kaskazini aliondoka Fort McPherson na wenzake watatu, Kinney, Taylor na Carter, kwenda Dawson kwa mikokoteni ya mbwa. Kwa kawaida doria hiyo ilitoka Dawson kuelekea kaskazini. Mwaka huo iligeuzwa. Fitzgerald alitaka kwenda mbio, kwa hiyo akapunguza chakula. Njiani walimchukua mwenyeji mmoja wa kabila la Gwich'in, Esau George, akawaonyesha njia kwa siku chache, kisha wakamlipa na kumwacha, wakamtegemea Carter, aliyekuwa amepita huko mara moja tu, tena akitokea upande wa pili.

Carter hakukiona kijito walichopaswa kukifuata. Walikitafuta kwa zaidi ya wiki moja, wakipanda mto huu na kushuka ule, huku akiba ikiisha. Katika shajara yake ya tarehe 17 Januari 1911 Fitzgerald aliandika kwa majuto kwamba hakupaswa kuliamini neno la Carter. Waligeuza, wakaanza kula mbwa wao, na mwezi wa Februari wote wanne wakafa, wawili wa mwisho wakiwa wamebakiwa na takriban kilomita 40 kufika Fort McPherson walikotoka. Koplo William Dempster alitumwa kutoka Dawson tarehe 28 Februari kuwatafuta, naye aliwakuta mwezi Machi. Katika msafara wake alikuwamo Charlie Stewart, Mgwich'in aliyeijua nchi.

Niliisoma habari hiyo mara mbili, nikageuka kumtazama mwongozaji wetu aliyekuwa bado mezani, akiongea na dereva wa greda kuhusu upepo. Hasira zangu zote za jana ziliniishia pale. Barabara nzima imebeba jina la mtu aliyekwenda kuokota maiti za watu walioona kwamba mwenyeji hawamhitaji tena.

Lango lilifunguliwa siku ya tano alfajiri. Kilomita 36 mbele tulivuka Duara ya Aktiki, mstari wa ramani unaoizunguka nchi ya Aktiki, tukapiga picha kwa haraka kwenye kibao chake, kisha tukaingia kwenye sehemu iliyo kando ya Milima ya Richardson ambayo madereva huisema kwa heshima kwa sababu ya upepo wake. Hapo nilielewa. Theluji ilikuwa haianguki kutoka juu hata kidogo. Ilikuwa inatambaa chini, kutoka kushoto kwenda kulia, mikanda mirefu myembamba kama moshi unaokimbia, na mahali ambapo tuta la barabara lilikuwa kikwazo ilituama, ikajikusanya, ikawa ukuta. Siku mbili zilizopita, alisema mwongozaji, mikanda hiyo ilikuwa imenenepa hadi kuzidi kimo cha gari, na dereva anapokuwa ndani yake haoni boneti lake mwenyewe. Akisimama, anagongwa na anayemfuata. Akiendelea, anashuka kwenye tuta. Greda lilikuwa limetutangulia, na kingo za theluji lililozikata zilikuwa zimesimama wima kama keki iliyokatwa kwa kisu, zikiwa na matabaka ya kijivu na meupe ya kila siku ya upepo.

Tulipita Wright Pass, mpaka wa Yukon na Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, bila kushuka. Ng'ambo ya mlima hali ilibadilika ghafla ikawa tulivu, na jua likatoka likiwa na majua mawili ya pembeni, moja kila upande, yatokanayo na vipande vya barafu vinavyoelea hewani na kuukunja mwanga. Hapo ndipo tulipoona wale wanyama. Huitwa karibuu, na nilipoyasikia mara ya kwanza majina hayo yakitamkwa garini nilidhani kuna mtu ananikaribisha. Walikuwa kama thelathini hivi, wakifukua theluji kwa kwato za mbele ili kufikia likeni, kitu kama mmea kinachotambaa ardhini, kichwa kikizama hadi masikio. Ni wa kundi la Porcupine, linaloitwa kwa jina la mto, ambalo hesabu ya mwaka 2017 ililikadiria kuwa na wanyama wapatao 218,000. Wenyeji wa Gwich'in wameishi kwa nyama na ngozi zao tangu zamani, na mwongozaji alipunguza mwendo hadi wanyama walipoamua wenyewe kuondoka barabarani.

Mto Peel ndio niliokuwa nikiuogopa. Kiangazi kuna kivuko hapo. Majira ya baridi kuna daraja la barafu, ingawa neno daraja linampotosha msikilizaji, kwa kuwa hakuna kilichojengwa ila maji yenyewe. Wafanyakazi huanza kwa kufagia theluji, maana theluji ni blanketi na huzuia baridi isiushike mto. Kisha hutoboa, huchota maji kwa pampu na kuyamwaga juu, yagande, wamwage tena. Hupima unene, na uzito unaoruhusiwa hupandishwa kwa hatua. Siri ni kwamba nguvu ya barafu haiongezeki sawa na unene. Unene ukiwa mara mbili, uwezo wa kubeba huwa mara nne hivi. Ndiyo maana mto ambao mwanzoni mwa msimu hubeba gari dogo tu, katikati ya baridi hupitisha malori ya makumi ya tani.

Mwongozaji alisimama ukingoni, akashusha vioo vyote, akatuambia tufungue mikanda. Nilimwambia kwamba mbele yetu lori la mafuta limetoka kuvuka sasa hivi. Akasema anajua, hiyo ni desturi aliyofundishwa na wakubwa wake na hana sababu ya kuiacha. Tukaingia polepole. Mwendo huo wa pole una maana yake: gari linapopita, barafu hubonyea kidogo kama godoro na kusukuma wimbi la maji chini yake, na gari likikimbia kwa kasi inayolingana na wimbi hilo, wimbi hukua na kuipasua barafu, hasa karibu na ukingo ambako kina ni kifupi. Pale upepo ulipokuwa umefagia theluji, barafu ilikuwa nyeusi, safi kama kioo, na ndani yake kulikuwa na nyufa nyeupe zilizoshuka chini, chini, hadi jicho likashindwa. Kupitia vioo vilivyo wazi nikasikia mlio mzito, mrefu, kama kamba ya jahazi inayovutwa. Hakuna aliyesema neno. Mwongozaji akasema mlio huo ni mzuri, barafu inajinyoosha. Ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza na kulegea mwishoni mwa masika.

Fort McPherson, ambayo wenyewe huiita Teetł'it Zheh, iko umbali mfupi baada ya mto. Makaburi ya Fitzgerald na wenzake watatu yako karibu na kanisa. Tulishuka, tukasimama dakika chache, na upepo mdogo ulipoanza mwongozaji alikuwa wa kwanza kurudi garini.

Tulivuka mto Mackenzie karibu na Tsiigehtchic kwa namna ileile, ila mto huo ni mpana zaidi na mimi nilikuwa nimeshazoea, na jioni tukafika Inuvik. Mji huu ulijengwa katika miaka ya 1950 kuchukua nafasi ya Aklavik iliyokuwa ikifurika maji, na umesimama juu ya nguzo, nyumba zote zikiwa zimeinuliwa ili joto lao lisiyeyushe ardhi. Mabomba ya maji safi na maji taka hayakufukiwa. Yamefungwa ndani ya makasha marefu yanayopita juu ya ardhi kati ya nyumba na nyumba, na barabara zinapokutana nayo watu hupanda vijidaraja. Hapo jua halionekani kabisa kwa takriban siku 30, tangu mwanzoni mwa Desemba hadi karibu tarehe 6 Januari, ila sisi wa Machi tulikuta mchana mrefu wa kutosha.

Kitu nilichotaka kukiona kuliko vyote ni msikiti. Ulijengwa Winnipeg mwaka 2010, ukapakiwa juu ya lori ukiwa mzima, ukasafirishwa hadi Hay River, kisha ukashushwa mto Mackenzie kwa tishari la mwisho la msimu, kabla maji hayajaganda. Safari yake yote ni kilomita zipatazo 4,000. Ni jengo dogo la rangi ya krimu lenye mnara mfupi, na mlangoni viatu vimepangwa kwa namna isiyopatikana msikiti mwingine wowote nilioujua: buti kubwa za theluji, jozi kwa jozi, zikichuruza maji kwenye karai. Nilisali nao adhuhuri, na baada ya sala nikauliza habari ya Ramadhani inapoangukia kiangazi, wakati jua halizami. Wakaniambia kwamba hufuata saa za Edmonton, mji ulio mbali kusini ambako jua bado linakumbuka kuchwa. Mzee mmoja aliongeza, akicheka, kwamba shida yao si kuijua saa ya kufuturu, ni kufuturu huku jua likikutazama usoni.

Usiku ule taa za kaskazini zilitoka. Zimesifiwa sana na wenye kalamu kunizidi. Mimi nitasema tu kwamba zilikuwa za kijani, rangi inayotokana na oksijeni iliyo juu kiasi cha kilomita mia moja na zaidi, na kwamba betri ya kamera yangu ilikufa kwa baridi baada ya picha nne, nikabaki nimezitazama kwa macho.

Kipande cha mwisho, kutoka Inuvik hadi Tuktoyaktuk kwenye ufuko wa Bahari ya Aktiki, ni kilomita 138 hivi. Zamani watu walikwenda huko wakati wa baridi tu, kwa njia ya barafu juu ya mto na bahari, na njia hiyo ilifungwa kwa mara ya mwisho mwaka 2017, barabara ya changarawe ilipokuwa karibu kukamilika. Barabara hiyo ilifunguliwa tarehe 15 Novemba mwaka huo kwa gharama iliyokaribia dola milioni 300 za Kanada. Nayo ilijengwa majira ya baridi: changarawe ilibebwa na kumwagwa juu ya turubai maalumu iliyotandikwa kwenye ardhi iliyoganda, kwa kuwa kiangazi mitambo mizito ingezama na kuiharibu ardhi ile.

Hakuna mti huko. Nchi ni nyeupe na tambarare hadi unapokaribia kijiji, ambapo vinatokea vilima vya duara viitwavyo pingo, ambavyo ndani yake ni barafu tupu: maji yaliyonaswa chini ya ziwa lililokauka huganda, hutanuka, na kuisukuma ardhi juu. Kile kikubwa, Ibyuk, kina urefu wa mita 49 hivi. Wainuvialuit, wenyeji wa pwani hiyo, wamevitumia kama alama za njia, nchi kavu na baharini.

Tuktoyaktuk palikuwa kimya. Bahari haikutofautiana na nchi kavu isipokuwa kwa mstari wa mawe yaliyowekwa kuzuia mawimbi, na mwenyeji aliyetuonyesha ufuko alinyoosha kidole mahali palipokuwa na nyumba ambazo mwaka 2020 ilibidi zihamishwe, kwa sababu ardhi iliyo chini yake inayeyuka na bahari, inayobaki wazi muda mrefu zaidi kila mwaka, inaimega. Nilitembea juu ya bahari hatua kama mia mbili. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 1,400 kufika hapo na nilitaka kukaa.

Mwongozaji alitupa dakika arobaini. Alikuwa amezungumza na mtu kwa simu, na upepo ulikuwa unatarajiwa kurudi milimani siku moja na nusu baadaye. Abiria mmoja alilalamika kwamba ratiba ilituahidi muda wa saa tatu, na ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa wa kwanza kuingia garini. Tulilala Inuvik, tukatoka gizani, tukavuka mito yote miwili vioo vikiwa wazi, na saa mbili za usiku tukaegesha Eagle Plains na kuchomeka plagi ukutani. Tulikuwa bado tunakunywa supu dereva wa greda alipoingia, akakung'uta theluji begani, akasema wamelifunga.